MFANYAKAZI AKINYAMAZA: Saikolojia ya kazi, tukianzia na ofisi za Al Khuwair



Kuna sentensi moja ambayo wakuu wa kazi huku tuliko wanaipenda sana. Utaisikia kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, kwa Kihindi, na utaisikia kwa Kiswahili chetu cha Unguja na Mombasa pia: "Mimi kwangu hakuna matatizo. Mbona hakuna hata mmoja anayelalamika?" Anayeisema huisema kwa raha kabisa, kama daktari aliyempima mtu akamkuta mzima. Leo nataka tuitazame sentensi hiyo kwa jicho la saikolojia ya kazi, maana ndani yake mna kosa kubwa. Waajiri linawagharimu fedha, na wafanyakazi linawagharimu afya na utu wao. Hoja yangu ni moja: mfanyakazi akinyamaza, usimuulize kwanza kama ameridhika. Tazama kwanza ni milango ipi imefungwa.

Kwa msiofika Maskati, Al Khuwair iko katika wilaya ya Bawshar, kando ya barabara kuu ya Sultan Qaboos. Upande mmoja zimepangana wizara, hata eneo lile likaitwa mtaa wa wizara. Upande wa pili ni fleti, maduka, mikahawa ya mishkaki, na kampuni kubwa kwa ndogo. Kiswahili hapo hakikosi. Yupo Muomani ambaye wazee wake walitoka Zanzibar, yupo mhasibu wa Mombasa, muuguzi wa Kenya, mlinzi wa Uganda. Katika Oman nzima, zaidi ya watu 4 katika kila 10 si raia. Kwa hiyo chini ya dari moja unaweza kukuta watu watano wanaofanya kazi zinazofanana, na kila mmoja ana makaratasi ya aina yake. Ndiyo maana Al Khuwair ni darasa zuri la kujifunzia jambo hili.

MILANGO YA HIRSCHMAN

Mwaka 1970 mchumi Albert Hirschman, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Marekani, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Exit, Voice, and Loyalty. Wazo lake lilianzia Afrika. Alikwenda Nigeria akakuta reli inafanya kazi vibaya mno, na akashangaa kwa nini hairekebishwi, ilhali malori yalikuwa yanainyang'anya wateja. Tungetegemea ushindani uitie adabu. Alichokiona ni kwamba wateja wakali, wale ambao wangepiga kelele hadi reli itengenezwe, ndio waliokuwa wa kwanza kuhamia kwenye malori. Waliobaki walikuwa wanyonge, na sauti yao haikumtisha mtu. Reli ikaendelea kuoza kimya kimya.

Kutokana na hapo Hirschman akasema kwamba mtu asiyeridhika na kampuni, chama au dola ana milango miwili. Wa kwanza ni kuondoka. Wa pili ni kusema. Halafu kuna kitu cha tatu, uaminifu, ambacho humfanya mtu asikimbilie mlango wa kutoka bali abaki na aseme, kwa matumaini kwamba mambo yatatengenea.

Baadaye wataalamu wa saikolojia ya kazi waliichukua ramani hiyo wakaiongezea chumba cha nne. Dan Farrell aliandika mwaka 1983 kwamba mfanyakazi asiyeridhika anaweza pia kubaki na asiseme, lakini akaiacha kazi moyoni: anachelewa, anafanya nusu nusu, anaona kosa likipita analiacha lipite. Sisi Waswahili hatuhitaji kutafsiri neno lake. Tunalo letu, na ni zuri zaidi: MGOMO BARIDI.

Sasa kama tunayo milango hii, tuone inavyofunguka na kufungwa katika maisha ya watu tunaowajua.

MLANGO WA KUTOKA: BANDARI YA MOMBASA NA MASKATI

Tuanze nyumbani. Bandarini Mombasa, kabla ya miaka ya 1950, wachukuzi wengi walikuwa vibarua wa siku. Asubuhi unakwenda, unaandikwa, jioni unalipwa. Leo tunauona ukibarua kuwa ni unyonge, na kweli ulikuwa unyonge, lakini ndani yake mlikuwa na nguvu moja ambayo mabwana wa bandari hawakuipenda. Kibarua aliweza kesho asiende. Akiona nyapara ana matusi, hakuwa na haja ya kuandika barua. Alikaa kwake, au alikwenda shambani, au kwenye kazi nyingine ya mjini. Mwanahistoria Frederick Cooper, katika kitabu chake cha 1987 juu ya bandari hiyo, anaonyesha jinsi serikali ya kikoloni na makampuni walivyohangaika na watu hawa wasioshikika. Januari 1947 mgomo mkuu uliisimamisha Mombasa kwa muda wa siku kumi na zaidi. Baada ya hapo waajiri waliamua kuwaandikisha wafanyakazi, kuwapa kazi za kudumu, na kuwaondoa wasiofika. Walitoa mshahara wa uhakika, na badala yake wakaupata mlango wa kutoka, wakaufunga nusu.

Naam, Maskati ilikuwaje? Kuanzia Julai 2014 mfanyakazi wa kigeni aliyetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine alihitaji hati ya kutokuwa na pingamizi, ile ambayo kila mtu huku anaijua kwa herufi zake tatu, NOC. Bila ya hiyo hati, ukiacha kazi unarudi kwenu na unakaa miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kuingia tena kufanya kazi. Hebu jitie katika nafsi ya mhasibu wa Mombasa ambaye ana watoto watatu shule, mama mgonjwa na deni la nyumba. Mudiri wake anajua hayo yote. Je, mtu huyo akikaa miaka mitano bila kulalamika, tuseme ameridhika? Huyo hakuwa na mlango wa kutoka. Na asiyeweza kutoka, mara nyingi hata kusema anaogopa, kwa sababu kauli ya mtu ina uzito pale tu mwenye kusikiliza anapojua kwamba msemaji anaweza kuondoka.

Hiyo ndiyo siri ambayo wengi hawaioni: milango hii miwili inategemeana. Ukifunga wa kutoka, na wa kusema huwa mzito kuusukuma.

Sharti hilo la hati liliondolewa tarehe 1 Januari 2021, na mfanyakazi aliyemaliza mkataba akaweza kuhamia kwengine bila ya idhini ya mwajiri wa zamani. Watu wengi walilitazama kuwa ni jambo la viza tu. Mimi naona lilikuwa pia jambo la saikolojia. Siku ile wakuu wa kazi waliotegemea kufuli walilazimika kwa mara ya kwanza kujiuliza: huyu mtu nitamzuia kwa lipi?

MLANGO WA KUSEMA: MWONGOZO WA 1971

Kwa mlango wa kusema, sijui mfano mkubwa katika Afrika ya Mashariki kuushinda ule wa Tanzania. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo. Kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno, ubabe na uonevu kwa walio chini yao. Mwaka mmoja kabla, waraka wa Rais ulikuwa umeagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Walioandika huenda walidhani wanaandika maneno ya kupendeza. Wafanyakazi waliyasoma kama sheria.

Kati ya 1971 na 1973 viwanda vingi, khasa vya Dar es Salaam, vilisimama. Wafanyakazi waliwafungia mameneja nje, na wakikitaja kifungu cha 15 kwa namba yake. Issa Shivji aliyaeleza haya katika kitabu chake cha 1976 juu ya mapambano ya kitabaka Tanzania. Linalomshangaza msomaji wa saikolojia ni kwamba migogoro mingi haikuanzia kwenye mshahara. Ilianzia kwenye dharau: meneja anayetukana, anayempita mtu bila kumjibu salamu, anayemsachi mfanyakazi kama mwizi. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walifika hadi ya kukishika kiwanda wenyewe. Baada ya hapo serikali ile ile iliyoufungua mlango ikaanza kuurudisha, na wafanyakazi wengi waliogoma wakafukuzwa kazi.

Mafunzo hapa ni mawili. Kwanza, watu waliokuwa wakionekana wametulia kwa miaka hawakuwa wametulia. Walikuwa wanangoja neno la kushikilia. Kifungu kimoja kiliwatosha. Pili, ukimfungulia mtu mlango wa kusema kisha ukamwadhibu kwa kusema, umemfanyia ubaya zaidi kuliko asingefunguliwa kabisa, maana sasa amejifunza kwamba hata ahadi ni mtego.

Oman nayo ina mlango wake. Vyama vya wafanyakazi viliruhusiwa mwaka 2006, na shirikisho lao likaanzishwa mwaka 2010. Sheria ya kazi ya 2003 ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aweke utaratibu wa malalamiko. Basi ukiingia kampuni nyingi utaona kisanduku ukutani na fomu kwenye kompyuta. Swali si kama kisanduku kipo. Swali ni: aliyetia karatasi mara ya mwisho, alifanywa nini?

UAMINIFU: MKATABA USIOANDIKWA

Hapa ndipo panapotuhusu sisi wenyewe, jamii ya Waswahili wa Oman.

Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, nchi ilikuwa na shule 3 tu za kisasa. Aliwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga nchi. Miongoni mwao walikuwamo wengi wa Zanzibar, waliokuwa wameondoka baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na wengine wa Tanganyika, Kenya na maziwa makuu. Walikuja na Kiingereza, hesabu, uuguzi, ualimu, na mazoea ya ofisi. Wakaingia kampuni ya mafuta ya PDO, jeshini, polisi, mabenki na wizarani. Wengi Kiarabu kilikuwa kinawapiga chenga, na wakaitwa "Zinjibari", jina ambalo wasomi kama Marc Valeri na Nafla Kharusi wamelichambua vizuri: mara ni sifa ya msomi, mara ni kumkumbusha mtu kwamba hajawa Muomani kamili.

Katika saikolojia ya kazi kuna wazo liitwalo mkataba wa kisaikolojia. Denise Rousseau alilifafanua mwaka 1989: mbali na karatasi iliyotiwa saini, kila mfanyakazi ana imani moyoni mwake juu ya kile anachodaiwa na kile anachodai. Mkataba huu hauandikwi, lakini ukivunjwa mtu huumia kama aliyesalitiwa, wala si kama aliyekatwa pesa.

Mkataba usioandikwa wa wale wazee ulikuwa mzito. Mtu aliyepoteza nyumba, cheo na nchi, kisha akapewa pasi, kazi na heshima, alikuwa na deni la shukurani. Dharau ndogo ndogo za ofisini alizimeza. Kupitwa kwenye cheo kwa sababu ya lafudhi alikumeza. Alikuwa na sababu: katika mizani yake alichopewa kilizidi alichonyimwa. Huo ndio uaminifu wa Hirschman, na ulijenga mengi.

Lakini mtoto wake aliyezaliwa Maskati hakuurithi huo mkataba. Yeye hakupoteza nyumba Malindi wala Shangani. Kazi kwake ni haki, si hisani. Februari 2011 vijana wa Oman walipotoka mabarabarani Sohar na kwengineko wakidai kazi na mishahara, na Sultan akaamuru zipatikane kazi 50,000, kilionekana hadharani kile ambacho ofisini kilikuwa kimeshabadilika zamani. Leo ukimsikia mkubwa wa kazi wa kizazi cha kwanza anasema "vijana wa siku hizi hawana adabu, hawana shukurani", jua kwamba anawasomea mkataba ambao wao hawakuutia saini. Kijana anayesema mkutanini anautumia mlango wa pili. Anayefaa kukutia hofu ni yule aliyekwisha kuacha kusema.

MIZANI YA MEZA YA JIRANI

Tuingie ofisini sasa. Tuchukulie kampuni moja ya kubuni hapo Al Khuwair, na wahasibu watatu: Muomani, Mhindi wa Kerala, na Mkenya wa Mombasa. Kazi moja, meza zinapakana.

John Stacey Adams, mwanasaikolojia aliyefanya utafiti kwenye kampuni ya General Electric, alieleza katika miaka ya 1960 kwamba mtu hapimi mshahara wake peke yake. Anapima kile anachotoa kwa kile anachopata, kisha anailinganisha mizani hiyo na ya mtu mwengine. Swali gumu ni: mtu mwengine yupi?

Mkenya mwaka wa kwanza anajilinganisha na rafiki zake waliobaki Mombasa, na anajiona tajiri. Mwaka wa tatu anajilinganisha na meza ya jirani. Mshahara ni ule ule, hata umeongezwa kidogo, lakini furaha imeshuka, na mudiri haelewi kwa nini. Mhindi anaulinganisha mshahara wake na wa Mhindi mwenzake wa kampuni ya pili. Muomani naye anajilinganisha na binamu yake aliyeko wizarani, ng'ambo ya barabara. Kiwango cha chini cha mshahara cha riale 325, kilichowekwa mwaka 2013, kilikuwa cha raia tu, na wageni wanalijua hilo. Lakini Muomani naye ana donda lake. Tangu sera ya kuwaajiri raia ianze mwaka 1988, na asilimia za kila sekta zipangwe mwaka 1994, 60 kwa mia kwa usafiri na mawasiliano, 15 kwa mia kwa ujenzi, zimekuwako kampuni zilizomwajiri Muomani ili kutimiza namba tu. Analipwa, anakaa, hapewi kazi ya maana. Mtu akishahisi kwamba yeye ni asilimia, hata ukimlipa vizuri vipi utapata mwili wake tu kitini.

Kwa hiyo meza tatu, manung'uniko matatu, na hakuna hata mmoja anayesema. Wanapokwenda kunywa chai ndipo ndimi zinafunguka, kila mmoja kwa lugha yake. Aliyekaa kwenye kundi la Waswahili anajua: maneno yanayosemwa kwa Kiswahili kwenye korido hayafanani kabisa na yale yanayosemwa kwa Kiingereza mkutanini.

MGOMO BARIDI SI JAMBO LA WAVIVU

Watu wengi wakiusikia mgomo baridi wanafikiri ni uvivu wa mtu mmoja mmoja. Uchunguzi maarufu wa kiwanda cha Hawthorne, cha kampuni ya Western Electric karibu na Chicago, ulionyesha vyengine. Uchunguzi ule ulifanyika kati ya 1924 na 1932. Katika chumba kimoja walitazamwa wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya. Walilipwa kufuatana na kazi iliyotoka, kwa hiyo ungetegemea wakimbizane. Wapi! Wenyewe walikuwa wamepanga kimya kimya kiasi cha kazi cha siku. Aliyezidisha alipigwa ngumi ya bega na wenzake. Walihofu kwamba wakionyesha uwezo wao wote, kampuni itapandisha kiwango au itapunguza watu. Huo ulikuwa mkakati wa watu wenye akili wasioamini wakubwa zao.

Kampuni hiyo hiyo iliwahoji wafanyakazi zaidi ya 20,000, ikawaacha waseme ya moyoni. Wengi walijisikia nafuu kwa kusikilizwa tu. Ni jambo zuri, lakini tahadhari: kusikilizwa bila ya kitu kubadilika ni dawa ya maumivu, haiponyi donda. Mara ya pili mtu hatasema tena.

JE, NI MILA ZETU?

Najua wapo watakaosema: "Bwana, sisi watu wa Mashariki na Waafrika tumelelewa kumheshimu mkubwa, hatusemi mbele yake." Watamtaja Geert Hofstede, Mholanzi aliyekusanya majibu ya wafanyakazi wa IBM duniani kati ya 1967 na 1973, akazipa nchi alama za jinsi watu wanavyokubali umbali baina ya mkubwa na mdogo. Nchi za Kiarabu zilipata 80, Afrika ya Mashariki 64, Austria 11.

Sikatai kwamba umbali huo upo. Lakini tuwe waangalifu. Hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni moja, na "Afrika ya Mashariki" yake ni Ethiopia, Kenya, Tanzania na Zambia zilizotiwa chungu kimoja. Muhimu zaidi, mila zetu wenyewe zina mlango wa kusema. Muomani ana sabla, Mswahili ana baraza, na pote pawili mtu huleta shida yake mbele ya mkubwa na mkubwa hukaa akamsikiliza. Waswahili wana methali inayosema mkubwa ni jalala. Maana yake kila taka humwagwa kwake, naye hana haki ya kukasirika. Huo ndio ukubwa. Hiyo ni nadharia ya uongozi iliyotimia, na imetungwa kabla ya shule yoyote ya biashara.

Basi tusiisingizie mila. Mtu yule yule anayenyamaza ofisini saa nne asubuhi, jioni barazani anamkosoa hadi imamu. Kilichobadilika kati ya saa hizo si utamaduni wake. Ni bei ya kusema.

Na bei hiyo hulipwa na wote. Mtafiti Amy Edmondson wa Marekani, katika miaka ya 1990, alichunguza makosa ya dawa mahospitalini. Alitegemea kwamba timu zenye uongozi mzuri zitakuwa na makosa machache. Hesabu zikaja kinyume: timu nzuri ziliripoti makosa MENGI zaidi. Alipochimba akaona kwamba kwenye timu nzuri watu hawakuogopa kusema wamekosea. Kwenye timu za wakuu wakali makosa yalifichwa. Mwaka 1999 akaandika juu ya usalama wa kisaikolojia, yaani kuamini kwamba hutaaibishwa kwa kuuliza, kukiri au kupinga. Wazee walishalisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Sasa jiulize, ungependa mama yako alazwe kwenye wodi isiyo na ripoti hata moja ya kosa?

MKUBWA WA KAZI AFANYE NINI?

Sheria husaidia. Sheria mpya ya kazi ya Oman ya Julai 2023 ilishusha saa za kazi hadi 8 kwa siku na 40 kwa wiki, kutoka 45 za hapo awali, ikaweka likizo ya uzazi ya siku 98 na ya baba siku 7. Serikalini, tangu 2022, upo mfumo wa Ijada wa kupima utendaji wa kila mtumishi kwa malengo yaliyoandikwa. Lakini kipimo cha namna hiyo ni sauti ya mkubwa kwenda kwa mdogo. Sauti ya kurudi juu haiji kwa amri. Naona mambo manne:

1. Usiulize "kuna tatizo?" mbele ya watu kumi. Jibu lake daima ni hapana. Uliza mtu peke yake, na uliza jambo mahususi: "Katika kazi hii, kipi kingekuwa chako ungekibadilisha kwanza?"

2. Mtu wa kwanza kukueleza jambo chungu, mshukuru hadharani na utengeneze angalau kitu kimoja alichokisema. Ofisi nzima inatazama atafanywa nini huyo mmoja.

3. Anayeondoka muulize kabla hajaenda. Ndiye pekee ambaye hana tena cha kuogopa. Ukiona wanaoondoka ndio wale waliokuwa wakisema, basi umeshakuwa ile reli ya Nigeria.

4. Eleza sababu za tofauti za mishahara kama zipo. Watu huvumilia tofauti inayoelezeka. Iliyofichwa kila mtu huitungia hadithi yake, na hadithi hiyo aghalabu ni mbaya kuliko ukweli.

NA NYUMBANI JE?

Namalizia na lenye kutuuma. Wengi wetu tunaosoma haya tunajiona wafanyakazi tu. Lakini nyumba nyingi za Waswahili hapa Maskati, Dubai, hata Nairobi na Unguja, mna dada wa kazi jikoni. Sisi nasi ni mabosi, na ofisi yetu haina afisa utumishi.

Sheria ya kazi ya 2003 iliwaacha wafanyakazi wa nyumbani nje, wakawekewa kanuni zao za wizara mwaka 2004. Mwaka 2017 Human Rights Watch ilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania, wakiwemo wa Zanzibar, waliofanya kazi majumbani Oman na Imarati: pasi zilizochukuliwa, saa zisizo na mwisho, mishahara iliyocheleweshwa au isiyolipwa, na wengine kupigwa. Tuweke milango yetu hapo. Mlango wa kutoka: pasi iko kabatini kwa tajiri. Mlango wa kusema: atamwambia nani, na simu imezuiliwa? Uaminifu: umpende nani, kwa lipi? Kilichobaki ni mgomo baridi, sahani iliyooshwa nusu, nasi tunasema "hawa wasichana hawafai".

Na ubaya wake ni kwamba sisi tunazungumza lugha yake. Mwajiri asiyejua Kiswahili anaweza kusema hakufahamu. Sisi hatuna udhuru huo. Tunapomwita "dada" au "binti yetu", jina hilo la ujamaa linaweza kuwa heshima ya kweli, na linaweza kuwa kitambaa cha kufunikia saa 16 za kazi. Tofauti hujulikana kwa mambo madogo: pasi iko wapi, simu iko wapi, siku ya mapumziko ni ipi, na mara ya mwisho alipokwambia "hapana, bibi, hili siliwezi", ulimjibu nini. Kama hajawahi kukwambia hivyo hata siku moja, kimya chake usikifurahie. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nawasilisha, na ninakaribisha wenye kuongeza au kupinga.